Bega Lililoganda: Tafiti Zinasema Nini Kuhusu Kusubiri, Sindano, Mazoezi na Upasuaji?

Katika toleo lililopita tuligusia ugonjwa wa bega lililoganda, yaani hali ambayo mfuko laini unaozunguka kiungo cha bega hupata uvimbe wa ndani, kisha huwa mnene na kunywea, hata mtu akashindwa kuinua mkono, kuchana nywele au kufikisha kiganja mgongoni. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na nyingi kati yake zilirudi kwenye swali lile lile: kati ya kusubiri, kufanya mazoezi, kuchomwa sindano na kufanyiwa upasuaji, ni njia gani iliyopimwa na kuonekana kufaa? Nimechagua barua chache zinazowakilisha nyingine, na nimejitahidi kueleza si jibu tu bali pia jinsi watafiti walivyolifikia, kwa kuwa mgonjwa anayejua jambo lilivyopimwa huzungumza vizuri zaidi na daktari wake.

Je, ugonjwa huu huondoka wenyewe?

*Daktari, habari za kazi. Nina umri wa miaka 54 na nina kisukari. Bega langu la kushoto lilianza kuuma usiku bila kuanguka wala kugongwa, na sasa imepita miezi kadhaa, siwezi tena kufunga vifungo vya mgongoni. Nimeambiwa nisihangaike, kwani ugonjwa huu huondoka wenyewe baada ya miaka miwili. Je, ni kweli? – Mama S.*

Mama S., pole sana kwa maumivu, hasa hayo ya usiku yanayomnyima mtu usingizi. Uliyoambiwa yana ukweli ndani yake, ila yamesemwa kwa uhakika unaozidi ushahidi uliopo, na kwa mgonjwa mwenye kisukari naona ni ushauri usiotosha.

Imani hiyo ni ya zamani. Ernest Codman, daktari mpasuaji wa Boston aliyeupa ugonjwa huu jina lake la sasa mwaka 1934, alifundisha kwamba hata bega lililokaza kwa muda mrefu hupona katika takriban miaka miwili, liwe limetibiwa au halikutibiwa. Mwaka 1975 mtafiti aitwaye Reeves alichapisha matokeo ya wagonjwa 41 aliowafuatilia kwa miaka 5 hadi 10. Ugonjwa wao ulidumu kwa wastani wa miezi 30, na kutokana na kazi hiyo madaktari wengi walizoea kuugawa katika vipindi vitatu: kipindi cha maumivu, kipindi cha kukakamaa na kipindi cha kulegea. Mgawanyo huo husaidia kumweleza mgonjwa mahali alipo, lakini katika kundi hilo hilo la Reeves zaidi ya nusu walibaki na upungufu fulani wa mwendo wa bega, jambo ambalo halitajwi sana na wanaonukuu utafiti wake.

Waliofuata waliona hali kama hiyo. Shaffer na wenzake, nchini Marekani, waliripoti mwaka 1992 kuhusu wagonjwa 62 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 7 bila kupasuliwa. Nusu yao walikuwa bado na maumivu madogo, ukakamavu au vyote viwili, ingawa wachache tu ndio waliosema kwamba shughuli zao zimeathirika. Hand na wenzake wa Oxford, mwaka 2008, waliwatazama wagonjwa 223 kwa wastani wa miaka 4.4 baada ya ugonjwa kuanza: asilimia 59 walikuwa na bega la kawaida au karibu na la kawaida, na asilimia 41 walikuwa na dalili zilizosalia, nyingi zikiwa hafifu. Hatimaye, mwaka 2017, yalichapishwa mapitio ya tafiti zilizofuatilia mwenendo wa ugonjwa bila tiba, na waandishi wake hawakupata ushahidi wa kuunga mkono dhana kwamba kila mgonjwa hupita vipindi vitatu na kuishia kupona kabisa bila kutibiwa. Walichokiona ni kwamba nafuu kubwa huja mapema, kisha kasi yake hupungua.

Ninavyozisoma tafiti hizi, wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa, sehemu isiyo ndogo hubaki na masalia, na hakuna anayeweza kumwambia mgonjwa fulani kwamba miaka miwili itamtosha. Mtu anayeshindwa kulala hana sababu ya kuvumilia miezi mingi kwa ahadi ya namna hiyo wakati zipo njia za kumpunguzia maumivu sasa.

Kuhusu kisukari, uhusiano wake na ugonjwa huu ni mkubwa. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wenye kisukari wana uwezekano wa takriban mara tano wa kupata bega lililoganda wakilinganishwa na wasio na kisukari, na kwamba karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa bega hili wana kisukari. Kwa hiyo mtu mwenye bega la aina hii ambaye hajawahi kupima sukari anastahili kupimwa. Kwa wenye kisukari ugonjwa huelekea kuwa mgumu zaidi na kuchukua muda mrefu, na ndiyo maana sipendi wewe uambiwe usubiri tu.

Kabla ya yote, hakikisha ugonjwa ni huu. Ukiwa umesimama, bana kiwiko kwenye ubavu, kikunje hadi mkono wa mbele uelekee mbele yako, kisha uzungushe mkono huo kwenda nje bila kuachia ubavu. Linganisha pande mbili. Katika bega lililoganda mzunguko huo hupungua sana, na haurudi hata daktari akiusogeza yeye mwenyewe wakati wewe umelegeza misuli. Kama kano ndiyo iliyochanika, kwa kawaida daktari anaweza kuufikisha mkono mahali ambapo mgonjwa mwenyewe hawezi. Picha ya eksirei nayo ipigwe, maana baridi yabisi ya kusagika kwa kiungo, au bega lililoteguka bila kutambuliwa, huweza kuzuia mzunguko huo huo na kumdanganya hata mtaalamu.

Sindano ya steroidi inasaidia kweli, au inaficha maumivu tu?

*Daktari wangu amependekeza sindano ndani ya bega. Ndugu zangu wananionya kwamba steroidi huharibu mifupa na kwamba baada ya muda maumivu hurudi. Tafiti zinaonyesha nini? – Bw. K.*

Bw. K., katika tiba zote za ugonjwa huu zisizo za upasuaji, hii ndiyo iliyopimwa vizuri zaidi, na matokeo yake yamekuwa yakifanana kwa miaka mingi.

Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 109 wenye mabega yenye maumivu na ukakamavu, waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa sindano na wengine fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na kunyoosha viungo inayosimamiwa na mtaalamu. Baada ya wiki 7 tiba ilihesabiwa kufanikiwa kwa asilimia 77 ya waliochomwa sindano na asilimia 46 ya waliopata fiziotherapia. Ilipofika nusu mwaka, na kisha mwaka, tofauti kati ya makundi ilikuwa imekuwa ndogo.

Mwaka 2003 Carette na wenzake wa Kanada walikwenda hatua moja mbele. Waliwagawa wagonjwa 93 katika makundi manne: sindano ya steroidi pamoja na fiziotherapia, sindano hiyo peke yake, sindano ya maji ya chumvi pamoja na fiziotherapia, na maji ya chumvi peke yake. Wote walifundishwa mazoezi mepesi ya nyumbani, na sindano zote zilichomwa kwa kuongozwa na mashine ya eksirei ili dawa ifike ndani ya kiungo chenyewe. Baada ya wiki 6 makundi mawili ya steroidi yalikuwa yamepata nafuu kubwa kuliko mengine, na fiziotherapia iliyoongezwa juu ya steroidi ilirudisha mwendo wa bega haraka zaidi. Baada ya miezi 12 makundi yote manne yalikuwa yamefikia nafuu inayokaribiana.

Mwaka 2020 Challoumas na wenzake wa Glasgow walikusanya tafiti 65 zenye jumla ya washiriki 4,097, wakahitimisha kwamba sindano ya steroidi ndani ya kiungo, ikianza mapema, ndiyo inayoelekea kutoa nafuu kubwa zaidi katika muda mfupi, nayo huambatana vizuri na mazoezi ya nyumbani. Walisema pia kwamba faida hiyo huweza kudumu hadi miezi 6.

Kwa hiyo ndugu zako wamegusa jambo la kweli wanaposema kwamba faida ya sindano hupungua kadiri muda unavyopita, lakini sikubaliani na wanavyolitafsiri. Kwa kiasi kikubwa tofauti hupotea kwa sababu wasiochomwa nao hupata nafuu polepole, wala si kwa sababu waliochomwa wanarudi walipoanzia. Anayelala usiku kuanzia wiki ya tatu badala ya mwezi wa nane amepata faida halisi, hata kama mwisho wa mwaka yeye na jirani yake watakuwa sawa. Wala dawa hii haifanyi kazi ya kuziba hisia tu: mwanzoni mwa ugonjwa utando wa ndani wa mfuko wa bega umejaa uvimbe, na steroidi hutuliza uvimbe huo wenyewe. Ndiyo maana sindano hufaa zaidi katika miezi ya maumivu kuliko wakati ambapo maumivu yamekwisha na umebaki ukakamavu.

Madhara yapo na yasemwe wazi. Wengine huona uso ukiwaka na kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Maumivu huweza kuzidi kidogo mara baada ya sindano. Maambukizi ndani ya kiungo ni nadra sana, lakini yakitokea ni hatari. Kwa mwenye kisukari, sukari ya damu huweza kupanda kwa siku kadhaa, hivyo inapasa kupimwa mara nyingi zaidi katika siku hizo na kumwarifu anayekutibu kisukari kabla ya sindano. Kuhusu kiasi, utafiti wa Korea uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha miligramu 20 na miligramu 40 za triamsinoloni, ambayo ni aina ya steroidi, na haukuona tofauti ya maana kati yake, jambo la kumkumbusha daktari wa mtu mwenye kisukari. Madhara ya mifupa wanayoyahofia ndugu zako hutokana hasa na vidonge vya steroidi vinavyotumiwa kwa muda mrefu. Sindano moja au mbili ndani ya bega ni jambo tofauti.

Mazoezi yakiuma zaidi ndiyo yanaponya zaidi?

*Mtaalamu wa mazoezi huuvuta mkono wangu hadi machozi yananitoka, na husema bila maumivu hakuna kupona. Narudi nyumbani nikiwa siwezi kulala. Niendelee? – Bi. R.*

Bi. R., usiendelee hivyo. Mwambie mtaalamu wako, kwa heshima lakini bila kuficha, kwamba maumivu yanadumu hadi usiku, na umwombe apunguze nguvu.

Utafiti unaogusa swali lako moja kwa moja ulifanywa Uholanzi na Diercks na Stevens, ukachapishwa mwaka 2004. Wagonjwa walikuwa 77. Kundi moja lilipata fiziotherapia kali, yenye kuvuta na kunyoosha bega hadi kwenye maumivu na kuyapita. Kundi la pili lilielezwa ugonjwa wao ni nini, likapewa mazoezi ya kuning'iniza na kuzungusha mkono bila kuvuka mpaka wa maumivu, na likaruhusiwa kufanya shughuli zote zinazovumilika. Baada ya miezi 24, asilimia 89 ya waliotendewa kwa upole walikuwa na bega linalofanya kazi vizuri au karibu na kawaida, wakati katika kundi la tiba kali walikuwa asilimia 63. Washiriki hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na kwa sababu hiyo siwezi kuuita ushahidi wa mwisho. Hata hivyo tofauti ni kubwa, na inaelekea upande mmoja na yale tunayojua kuhusu ugonjwa: mfuko uliovimba ukivutwa kwa nguvu huongezewa uchokozi.

Upole, hata hivyo, si kukaa bure. Katika kipindi chako, ambapo maumivu bado yanatawala, inama ukiegemea meza kwa mkono mzima, uache ule mgonjwa uning'inie na uuzungushe duara dogo. Au lala chali, ushike fimbo kwa mikono miwili, uuache mkono mzima uusukume ule mgonjwa kwenda nje hadi unapoanza kukaza, ukae hapo kidogo, urudi. Kipimo ninachowapa wagonjwa ni kwamba maumivu ya zoezi yawe yametulia muda mfupi baada ya kumaliza, na usiku ule usiwe mbaya kuliko uliotangulia. Maumivu yakipungua na kubaki ukakamavu, mtaalamu anaweza kuongeza nguvu ya kunyoosha hatua kwa hatua.

Kama mazoezi ya peke yako yanakuchosha moyo, kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014 unaonipa furaha kuutaja. Wagonjwa 75 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: darasa la mazoezi ya pamoja, fiziotherapia ya mtu mmoja mmoja, na mazoezi ya nyumbani peke yake. Waliofanya mazoezi darasani pamoja na wenzao walipata nafuu zaidi na kwa haraka zaidi.

Vidonge na kuchua

*Je, vidonge vya steroidi vinaweza kuchukua nafasi ya sindano? Na kuchua bega kwa dawa za kupaka? – Msomaji, 47.*

Vidonge vilipimwa Australia na Buchbinder na wenzake, mwaka 2004: wagonjwa 50, nusu wakipewa miligramu 30 za prednisoloni kila siku kwa wiki 3 na nusu vidonge bandia. Nafuu ilionekana mapema, lakini haikudumu zaidi ya wiki 6, na vidonge hivyo huathiri mwili mzima, tofauti na dawa inayowekwa ndani ya kiungo kimoja. Kuchua na kukanda kwa joto huweza kutuliza misuli ya shingo na mgongo inayochoka kwa kulibeba bega bovu, na kama kunakufariji sina pingamizi. Mfuko ulionywea uko chini sana ya misuli, na dawa ya kupaka haiufikii.

Nipasuliwe?

*Daktari, nimekuwa na bega hili kwa zaidi ya mwaka. Nimechomwa sindano, nimefanya mazoezi, na bado mkono haufiki juu ya kichwa. Hospitali moja imenishauri ninyooshwe bega nikiwa nusukaputi, nyingine imenishauri upasuaji wa matundu madogo. Kila mmoja anasema njia yake ndiyo bora. Nimwamini nani? – Mzee J.*

Mzee J., shikamoo. Swali lako ndilo lililowafanya watafiti wa Uingereza kuandaa utafiti mkubwa kuliko wote uliokuwa umefanywa kuhusu tiba za ugonjwa huu, na naomba uniruhusu nikae nao kidogo.

Unajulikana kwa jina la UK FROST. Uliongozwa na mpasuaji Amar Rangan na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2020. Kati ya mwaka 2015 na 2017, hospitali 35 ziliandikisha wagonjwa 503, ambao waligawanywa kwa bahati nasibu katika njia tatu. Wagonjwa 201 walipangiwa kunyooshwa bega wakiwa nusukaputi, ambapo mpasuaji huusogeza mkono kwa ustadi hadi mfuko uliokaza uachie. Wengine 203 walipangiwa upasuaji wa matundu madogo, ambapo kamera na kifaa cha kukatia huingizwa ndani ya kiungo na mfuko hukatwa mahali uliponywea. Waliobaki, 99, walipata fiziotherapia yenye mpango maalumu pamoja na sindano ya steroidi. Waliofanyiwa taratibu za hospitali nao walipata fiziotherapia baadaye.

Kipimo kikuu kilikuwa dodoso la maswali 12 ambalo hujibiwa na mgonjwa mwenyewe: je, unaweza kuvaa nguo bila taabu, kubeba sinia la chakula kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, kuchana nywele, kutundika nguo kabatini, kuosha na kukausha makwapa yote mawili, maumivu yanakusumbua kiasi gani usiku? Alama huanzia 0 hadi 48, na 48 ni bega lisilo na shida. Mimi nakipenda kipimo hiki kwa sababu kinauliza mambo yanayomleta mgonjwa hospitalini, wala hakiishii kwenye nyuzi za pembe ambazo mkono unafika.

Wagonjwa walianza wakiwa karibu na alama 20. Baada ya miezi 12, kundi la upasuaji wa matundu madogo lilikuwa na wastani wa 40.3, kundi la kunyooshwa 38.3, na kundi la fiziotherapia na sindano 37.2. Upasuaji uliongoza, lakini watafiti walikuwa wameweka kabla ya kuanza kiwango cha tofauti ambacho mgonjwa angeweza kukihisi maishani mwake, yaani alama 5 kati ya fiziotherapia na taratibu za hospitali, na alama 4 kati ya taratibu hizo mbili. Hakuna tofauti iliyofikia kiwango hicho. Tena, katika miezi 3 ya kwanza kundi la upasuaji ndilo lililokuwa nyuma, kwa sehemu kwa sababu wagonjwa wake walisubiri zamu ya chumba cha upasuaji na kisha wakahitaji muda wa kupona kidonda.

Yako mambo mengine mawili ya kupimwa pamoja na hayo. Waliohitaji tiba ya ziada baadaye walikuwa asilimia 15 katika kundi la fiziotherapia, asilimia 7 katika kundi la kunyooshwa na asilimia 4 katika kundi la upasuaji. Kwa upande wa madhara makubwa, yaliripotiwa matukio 8 katika kundi la upasuaji na 2 katika kundi la kunyooshwa. Wachumi wa utafiti huo walipolinganisha gharama na faida, kunyooshwa ndiko kulikoonekana kuelekea kuwa na thamani zaidi kwa fedha iliyotumika katika mfumo wa afya wa Uingereza.

Sasa nirudi kwako. Hospitali zote mbili zinakupa njia halali, na hakuna iliyo na haki ya kusema ya mwenzake haifai. Isitoshe, wewe tayari umejaribu sindano na mazoezi kwa muda wa kutosha, hivyo uko miongoni mwa watu ambao kuvuka kwenda hatua ya pili kuna maana kwao. Kama mifupa yako ni imara, kunyooshwa ni utaratibu mfupi na mwepesi zaidi. Kama una udhaifu wa mifupa, mpasuaji wako atahofia, na ana haki, kwamba nguvu ya kunyoosha huweza kuvunja mfupa wa juu wa mkono. Hapo upasuaji wa matundu madogo una nafasi yake, kama ulivyo na nafasi kwa bega lililokataa kunyooshwa. Uliza maswali haya kwa kila mmoja: mifupa yangu imechunguzwa? Nitasubiri zamu kwa muda gani? Na fiziotherapia itaanza lini baada ya utaratibu? Swali la mwisho nalitilia mkazo sana. Bega lililofunguliwa leo na kuachwa ndani ya kamba ya kuning'inizia mkono kwa wiki kadhaa lina kila nafasi ya kukaza tena, na hospitali isiyo na mpango wa mazoezi ya siku za mwanzo haijakamilisha maandalizi yake.

Waliochomwa maji ya chumvi walipataje nafuu?

*Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Nimesoma kwamba katika baadhi ya tafiti hata waliochomwa maji ya chumvi walipata nafuu. Je, hiyo si dalili kwamba tiba zote hazina kazi? Na je, kuna tiba mpya zinazochunguzwa?*

Marahaba, mwanangu. Umegusa ugumu mkuu wa kuutafiti ugonjwa huu. Kwa kuwa wagonjwa wengi huelekea kupata nafuu kadiri miezi inavyopita, na kwa kuwa watu hutafuta tiba wakati maumivu yako kileleni, karibu jambo lolote utakalowafanyia litafuatwa na nafuu. Ripoti inayosema kwamba wagonjwa 30 walipewa tiba fulani na 26 wakapona, bila kundi la kulinganisha, haituelezi kama ni tiba iliyofanya kazi au ni muda. Ndiyo maana kundi la maji ya chumvi ni la lazima. Nafuu yao hutuonyesha mwendo wa ugonjwa wenyewe pamoja na nguvu ya matumaini, na kile ambacho steroidi inaongeza juu ya hapo ndicho tunachoweza kukiita kazi ya dawa. Katika utafiti wa Carette nyongeza hiyo ilikuwapo na ilikuwa kubwa katika wiki za mwanzo.

Unaposoma utafiti wa bega hili, tazama pia wagonjwa walikuwa katika kipindi gani. Utafiti unaochanganya mtu wa mwezi wa pili, ambaye shida yake ni uvimbe, na mtu wa mwezi wa kumi na tano, ambaye shida yake ni kovu, unaweza kuifanya tiba nzuri ionekane dhaifu. Tazama vilevile idadi ya wenye kisukari, na kama aliyepima bega alijua mgonjwa amepewa nini.

Tiba mpya zipo. Kujaza kiungo maji yaliyochanganywa na steroidi ili kutanua mfuko kumekuwa kukitumika kwa miaka mingi na kuna ushahidi wa nafuu ya muda mfupi, ingawa bado kuna ubishi kama utanuzi wenyewe unaongeza kitu juu ya steroidi. Kuziba njia ya maumivu kwa kuchoma sindano ya ganzi kwenye mshipa wa fahamu ulio juu ya bega huwasaidia baadhi ya watu kulala na kufanya mazoezi. Wengine wanaichunguza njia ya kuziba mishipa midogo ya damu isiyo ya kawaida inayoota kwenye mfuko uliovimba. Tafiti zake hadi sasa ni ndogo na nyingi hazina kundi la kulinganisha, kwa hiyo onyo nililotoa juu linazihusu. Na kuna wanaotafuta dawa ya kuzuia kovu lenyewe. Mwaka 1995 Bunker na Anthony walionyesha kwa darubini kwamba tishu ya mfuko huo inafanana sana na ile inayokunja vidole katika ugonjwa wa Dupuytren, na tangu hapo watafiti wamekuwa wakizichunguza chembe hai zinazofuma kovu hilo na kemikali zinazoziamuru. Mimi natamani kuona zaidi tafiti zilizoandaliwa kwa ajili ya wenye kisukari pekee, kwa kuwa wao ndio huumia zaidi, na mara nyingi huhesabiwa kama kundi dogo ndani ya tafiti za watu wengine.

Je, litarudi?

*Bega langu la kulia limepona. Je, ugonjwa huweza kurudi au kuhamia la kushoto? – Bi. M.*

Kurudi kwenye bega lile lile ni nadra. Bega la pili huweza kupatwa, mara nyingi ndani ya miaka michache, na wenye kisukari wako katika hatari zaidi. Hakuna zoezi lililothibitishwa kulizuia. Ukianza kuona maumivu ya usiku upande wa kushoto pamoja na kukaza kwa mzunguko ule wa kwenda nje niliomweleza Mama S., nenda kwa daktari katika wiki hizo za mwanzo, ukiwa na maelezo ya tiba uliyopata upande wa kulia, kwa kuwa hicho ndicho kipindi ambacho sindano imeonekana kusaidia zaidi.